Swali Nililomuuliza Mbele ya Mama Yake

Delmar Stiltner alikuja kutolewa mfuko wa nyongo, na nusu ya kanisa ikaja naye. Huku kwetu milimani, West Virginia, hakuna anayepasuliwa bila kuombewa. Mama yake, Oma Jean, alimshika mkono wa kulia, mchungaji wa kushoto. Mimi, nesi wa nusukaputi, walinivuta kwenye duara, nikafurahi, kwa kuwa nami ni mtu wa maombi.

Tuliposema amina nilikuwa nimechelewa. Badala ya kuwatoa nje kwanza, nikafungua karatasi zangu palepale.

"Delmar, unatumia dawa zozote za mitaani? Vidonge, unga?"

Oma Jean akacheka. "Huyu? Binti, huyu hata bia haijui ladha yake! Ndiye anayewafundisha watoto wetu Jumapili."

Delmar aliitazama dari. "Hapana."

Niliyaona macho yake, na bado nikaandika hapana.

Upasuaji ulikwisha salama. Kisha akaamka akipiga kelele. Nikampa dawa ya maumivu kwa kipimo cha mtu asiyezoea, nikaongeza kidogo, akazidi kulia. Zaidi ya hapo niliogopa, maana mtu asiyezoea angeacha kupumua. "Jikaze, kaka," nikamwambia. Mungu anisamehe.

Mwishowe nikavuta pazia, nikainama sikioni pake. "Tuko wawili tu. Niambie ukweli nikusaidie."

Meno yalikuwa yakigongana. "Fentanili, vidonge vya mitaani. Kila siku, tangu nilipoumia mgongo mgodini. Mama asijue."

Nikamwita daktari, tukampa kipimo kikubwa cha mtu aliyezoea, nikakaa nikizihesabu pumzi zake mpaka akatulia. Alikuwa ameteseka robo tatu ya saa kwa sababu ya swali nililouliza mahali pabaya.

Oma Jean alinisubiri koridoni, macho mekundu. "Nimemsikia mwanangu hadi huku. Mlimfanya nini?"

Ningeweza kusema kila mwili una yake, naye angeniamini.

"Nilimpa dawa kidogo mno, mama. Kosa ni langu."

"Na kazi hii uliisomea?"

"Miaka saba, mama."

"Miaka saba!" Alinitazama kuanzia viatu hadi kofia. "Basi nipishe."

Nikampisha.