Siku ya Mrejesho

Ramani ilikuwa imebandikwa ukutani mwa ukumbi wa mkutano, na dobi aliitafuta kazi yake humo asiione. Mahali pa kamba zake za kuanikia, nyuma ya kisima cha mtaa, palipakwa rangi ya kijani na kuandikwa "Bustani ya Mapumziko". Miti ilichorwa kwa viduara vilivyoshikana kama mapovu ya sabuni.

Alifua mashuka ya nyumba za wageni. Shuka lililokaukia kivulini hunuka uvundo, na hakuna mgeni anayekubali kulala kwenye uvundo. Kiwanja kingine chenye jua na maji karibu hakikuwepo mtaani. Alikwisha kutafuta.

Akanyoosha mkono. Afisa mipango miji, kijana mpole aliyevaa shati lililopigwa pasi barabara, akampelekea kipaza sauti.

"Mwanangu, hapo kwenye kijani ndipo ninapoanika. Hiyo miti ipelekeni kando ya barabara."

"Asante sana, mama. Ila leo siyo siku ya maoni. Maoni tulishachukua. Leo ni siku ya mrejesho."

"Mrejesho ndiyo nini?"

"Ni sisi kuwarudishia kile mlichosema."

"Haya. Kwangu mimi, nguo ikirudishwa ina doa, naifua upya. Na nyie fueni upya."

Ukumbi mzima ukacheka. Afisa naye akacheka kidogo, akangoja watulie, kisha akaonyesha bango la mradi lililoning'inia mlangoni. Lilikuwa na picha ya mkutano wa kwanza: dobi yuko mstari wa mbele, mkono juu, mdomo wazi.

"Si wewe huyu, mama?"

Ni yeye. Siku ile mabati ya ukumbi yalikuwa yanachoma, watu wanajipepea kwa makaratasi ya mradi, na swali lilikuwa moja tu: nani anataka miti? Hakuna aliyeuliza itapandwa wapi. Hata yeye hakuuliza. Aliwahi kunyoosha mkono kabla ya wote.

"Nilitaka miti," alisema. "Sikusema mnipandie kwenye kamba."

"Wapimaji hawakukuta kamba, mama. Walikuta eneo wazi."

"Walikuja lini?"

Afisa akapekua makaratasi yake. "Msimu wa mvua."

"Sasa mvua inanyesha, nianike nini? Miavuli?"

Safari hii waliocheka walikuwa wachache. Nyuma ya dobi akasimama mke wa kaka yake.

"Wifi, usituharibie bwana. Watoto hawana pa kucheza. Na mama yako mwenyewe anashinda kwenye kizingiti, jua linamfuata mpaka ndani. Hicho kivuli tumemwombea nani?"

"Na dawa anazokunywa zinatoka wapi? Si kwenye hizo kamba?"

Wifi mtu akakaa. Alikuwa amesema kweli, na dobi alikuwa amesema kweli, na hapo mazungumzo yakakwama. Mwenyekiti wa mtaa akatazama saa.

"Labda tuelewane," afisa alisema kwa upole uleule. "Mchoro umeshapitishwa. Tukiugusa, tunaanza upya, na pesa zinaenda mtaa mwingine."

Dobi aligeuka kuwatazama majirani zake. Alikuwa amewafulia mapazia, sare za shule, hata nguo za msiba kwa mkopo. Fundi viatu alikuwa akichunguza kucha zake. Mama wa duka akamnong'oneza, "Dada, ungesema mapema," kwa huruma kabisa, naye akaona huruma hiyo inamkera kuliko kicheko.

"Nimesema mara tu nilipooneshwa," alijibu, na hakunong'ona.

Mwenyekiti akaomba makofi kwa wageni. Yakapigwa. Kisha akasema limebaki jambo moja dogo, kamati ya kuitunza bustani, hasa kumwagilia miche mpaka ishike.

"Hapa tunaye mtu wetu," alisema kwa furaha, akimnyooshea dobi kidole. "Anakaa pale pale kisimani, ndoo anazo, maji anamwaga kila siku. Au vipi, mama?"

Makofi mengine. Kipaza sauti kikarudi mkononi mwake. Aliwaza kusema mengi, lakini yote yalikuwa maoni.

"Maji yangu yana sabuni," alisema. "Yataua miti yenu."

Kwa mara ya kwanza asubuhi ile, afisa akatoa kalamu.

"Hiyo ni hoja ya msingi sana, mama," alisema, akiandika. "Tutaifanyia kazi."