Kikapu cha Nirmaya

Asubuhi hiyo Suntali alikuwa amechuchumaa mbele ya pipa la kukingia, akingoja mafuta ya dhasingre, kichaka cha mlimani ambacho majani yake hukamuliwa kwa mvuke kupata mafuta ya dawa. Mafuta haya hayaelei, yanazama chini ya maji, kwa hiyo unafungua kikoki cha chini polepole, na ukiona maji yameanza kutoka, unafunga. Akafungua. Hata nusu chupa hayakufika. Mara ya tatu hiyo.

"Kuna mkono hapa," akamnong'oneza Bishnu, mwenzake wa kuchochea moto.

"Mkono wa nani?"

Suntali alitazama mlangoni, ambako Nirmaya, mke wa kaka yake, alikuwa anaingia na kikapu cha majani mgongoni, kamba imekaza kwenye paji la uso. Anatabasamu. Sasa anatabasamu nini?

Kaka mwenyewe yuko Qatar mwaka wa pili. Nirmaya ndiye anayefunga banda hili la kukamulia kila jioni, na ufunguo anao peke yake. Simu yake ikiita, anatoka nje kuongea. Tena juzi alipompitia na chai, harufu ya mafuta ikampiga Suntali puani. Kweli, wote pale wananuka dhasingre, hata mbuzi wao wananuka, lakini ile yake ilikuwa kali mno.

Mlimani, walikokwenda kukata majani, akamchunguza siku nzima. Nirmaya alikata matawi juu ya usawa wa goti kama walivyokubaliana, ili vichaka vichipue tena. Hata hilo likamuudhi Suntali. Mwizi gani anakata vizuri hivi? Mwizi mjanja, huyo.

Jioni, wanawake wote wakiwa bandani wanapakua majani, uvumilivu ukamwishia.

"Wifi, hebu tua kikapu tuone."

"Mwone nini?"

"Tua tu. Kama huna kitu, unaogopa nini?"

"Unanipekua mimi, wifi? Mimi?"

"Siku hizi unanukia kama duka la dawa, shoga," mmoja akachomekea. Wengine wakacheka.

Nirmaya hakucheka. Alikishika kikapu akakipindua mwenyewe. Ikaanguka shali, likaanguka kopo la chakula, tupu, na matunda machache ya dhasingre, yale ya bluu, aliyomfungia mwanawe kwenye kitambaa. Chupa hakuna. Kicheko kikakatika.

Akauweka ufunguo juu ya jiwe. "Chukua. Nakwenda kwa mama yangu. Kaka yako akiuliza, mweleze mwenyewe."

Kulipokucha alikuwa ameshavuka mlima na mtoto wake.

Suntali akajiambia, ameondoka kwa sababu amebanwa. Siku hiyo akapakia majani kwa mkono wake, akafunga mtungi wa kuchemshia, akakaa palepale bila kubanduka, akikitolea macho kile kikoki. Yakatoka yaleyale. Nusu chupa, tena kasoro.

Akampigia Chameli wa kikundi cha kijiji cha pili, wanaokamua mafuta kama wao.

"Majani mnayaloweka usiku kucha kwenye maji ya vuguvugu?" Chameli akauliza.

"Tuliacha. Kuni zimekuwa shida."

"He! Basi mafuta mnayatupa na makapi, dada. Jani hili lisipolowekwa linayabana ndani. Nani kawaambia muache?"

Aliyesema ni Suntali mwenyewe. Nirmaya alimuuliza siku ile ile, "Wifi, hatuloweki kweli?" naye akamjibu, "Wewe pakia, acha maneno."

Akapanda hadi kwenye bustani ya miche, ndipo intaneti inaposhika. Akaandika, akafuta, akaandika tena: "Wifi, hakuna aliyeiba. Kosa ni langu, na nitalisema mbele ya wote. Rudi, au niambie nije kukuchukua."

Tiki mbili. Baadaye zikawa za bluu: Nirmaya amesoma. Suntali akabaki amesimama katikati ya miche, simu mkononi, mpaka Bishnu akamwita mara ya tatu kutoka chini kwamba moto unazimika. Akaitazama tena simu: jibu bado.