Eka Kumi za Yekoniya

Mwaka 2004 arbab wetu, yaani bosi wetu Mwarabu, kule Hatta alituachia ardhi nyuma ya mitende tulime mboga zetu. Vipande sita, wafanyakazi sita. Kimoja kilikuwa ubavuni mwa bomba la maji, vingine mawe na vumbi. Mimi, mpishi wa pale, nilikitaka cha bomba. Kwa jua lile, asiye na maji hulima jasho lake.

Tukagombana siku tatu. Mzee Liu, fundi pampu, Mchina aliyeokota Kiswahili akijenga reli Tanzania, akatuamua.

"Kijijini kwetu, mapinduzi yalipokuja, makabaila walinyang'anywa ardhi. Tukaketi, kila mtu akasimulia dhiki zake. Maskini kabisa akachagua kwanza. Hata ng'ombe aligawanywa: familia nne, kila moja mguu."

"Na mkia?" nikauliza.

"Mkia uliwagombanisha mwaka mzima."

Tukakubali. Ijumaa mkutano ukajaa machozi. Watu waliojisifu jana kwamba kwao kuna runinga, leo hawana hata kijiko. Mimi herini zangu nilishazizika kwenye unga. Lakini Yekoniya, mlinzi wa lango, Mkenya, alitushinda sote.

"Sina hata pa kuzikwa, jamani!"

Nikaliona bomba linaniponyoka. Nikamgeukia Resty, binti wa Uganda anayefua nguo za nyumba kubwa, aliyevishwa pete na Yekoniya mwezi ule ule.

"Mwanangu, zile eka kumi za Kitale alizokuahidi zimekwenda wapi?"

"Bibi, na wewe una mdomo!" Yekoniya akafoka.

Resty akakunja mikono. "Mjibu. Unazo au huna?"

Yekoniya akatazama bomba. Akamtazama Resty. Akatazama bomba tena. Resty akaanza kuvuta pete.

"Ninazo! Eka kumi! Na mto unapita!"

"Kabaila!" akasema Mzee Liu. "Yako yale mawe ya mwisho."

Nikainuka, nikajifuta vumbi, tayari kupokea bomba langu.

"Kaa, Bibi," akasema Resty. "Eka hizo ni za mjomba wake, nimejua zamani. Naolewa na mtu asiye na kitu, tena mwongo. Nani maskini kunishinda?"

"Hakuna!" wakajibu wote.

"Basi maskini ni mimi," Yekoniya akadakia.

"Khalas, imekwisha!" akasema Mzee Liu. "Kabaila hajiuzulu."

Resty akapata bomba. Mimi nikapewa mawe, jirani na kabaila.