Machozi ya Pasta Octave

Jumapili ile ya mwaka 2018 Pasta Octave alihubiri mpaka akalowa jasho. Mashine zenye akili zinakuja, alisema, zitaongea na zitafikiri, lakini hakuna hata moja iliyopuliziwa pumzi ya Mungu puani. Mtu ndiye aliyeumbwa kwa mfano Wake. Ukumbi mzima wa kanisa la wakimbizi mtaani Troyeville uliitikia amina, na Victorine, fundi cherehani wa mtaa jirani wa Bellevue, aliitikia kuwashinda wote.

Alikuwa na sababu. Jumatano alikuwa amemwandikia pasta kwenye WhatsApp jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Vita ilipofika Bukavu alikimbia na furushi la nguo, akamwacha mama yake aliyepooza kitandani. Siku ya tatu alirudi akamkuta amekufa. Miaka kumi na minne alilimeza hilo peke yake. Jibu halikukawia: “Dada Victorine, nimelia machozi kwa ajili yako. Mama yako amekusamehe.” Tangu hapo alikuwa akilala usingizi wa pono.

Basi wakati wa ushuhuda ulipofika alisimama, akaweka aibu kando, akasema yote mbele za watu. Kisha akasoma lile jibu kwa sauti, maana alitaka pasta apate sifa yake.

Nyuma yake Jeanne, msusi, alikuwa ameshatoa simu.

“Ya mimi iko vilevile,” alisema. “Nimelia machozi, mama yako amekusamehe. Na mama yangu iko mzima, iko Uvira. Tuligombanaka tu juu ya shamba.”

Wawili watatu walicheka. Halafu simu zikaanza kutoka mikobani, safu kwa safu, na kicheko kikafa.

Pasta alijifuta uso. Waumini ni mia nne, alisema, na yeye ni mmoja. Tangu Pasaka ameweka programu inayopokea ujumbe na kujibu. Neno ni la Mungu, chombo si hoja. “Hata punda wa Balaamu aliongea, dada yangu.”

“Punda alimuona malaika, Pasta,” Victorine alisema. “Hiyo mashini ilimuona nani?”

Hakuna aliyeitikia amina. Victorine alikasirika. Kumbe yule anayeziponda mashine madhabahuni ndiye aliyemkabidhi kwa mashine. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe, suti ya kijivu aliyoivaa pasta, Victorine ndiye aliyeishona kwa mikono yake.

“Mama yangu aliitwaka nani?” aliuliza. “Niliandika jina yake mara tatu.”

Pasta alimtazama. Mkono wake uliingia taratibu kwenye mfuko wa ndani wa koti, ukitafuta simu.

“Acha, Pasta.”

Akaketi. Kanisa zima sasa lilijua kwamba alimwacha mama yake, na hapakuwa na mtu hata mmoja aliyemsamehe.