Sentimita Moja ya Uzi

Siku nne kabla ya onyesho, kiongozi wa bendi yetu, ambaye ndiye mpiga gitaa, aliniambia nikae pembeni. Tulimwita Sikio, kwa sababu alijisifu kwamba hakuna sauti iliyopinda inayomponyoka.

"Huku chini unaimba vizuri," alisema. "Ukianza kupanda tu, unalipita gitaa. Nitatafuta mwimbaji mwingine."

Wimbo ule niliujua nje ndani, na koo langu nalijua. Sikubishana naye. Nilikwenda moja kwa moja kwenye karakana ya shangazi yangu, dada yake baba, ambaye ni seremala. Nilimkuta anapiga randa mlango, vumbi la mbao limemjaa hadi kwenye nyusi, nikamweleza yaliyonipata.

"Hebu imba hapo palipokuponza," alisema bila kuinua kichwa.

Nikaimba. Randa ikasimama.

"Sauti yako haina kasoro. Hilo gitaa lilivunjika lini?"

"Halijavunjika, shangazi. Sikio alilipaka rangi upya mwezi uliopita."

Akakung'uta mikono, akachukua futi yake. "Twende."

Chumba cha mazoezi kilikuwa juu ya duka la vifaa vya umeme. Sikio alituona tu, akacheka. "Mama, muziki haupimwi kwa futi."

"Na shikamoo yangu haipimwi kwa chochote, mbona siipati?"

Bendi nzima ikaangua kicheko. Sikio akainama. "Shikamoo."

"Marahaba. Lete gitaa."

Shangazi alipiga uzi mmoja bila kuubana popote. "Huu vipi?"

"Uko sawasawa," alisema Sikio.

Akaubana kwenye kichuma cha kumi na mbili kati ya vile vilivyokingama shingoni mwa gitaa, akaupiga tena. Sikio akakunja uso. Akaomba arudie.

"Uko chini kidogo," alikiri. "Umelegea."

"Haujalegea. Ni mrefu. Uzi ukiugawa nusu, hutikisika kwa kasi mara mbili, ukatoa noti ileile, lakini ya juu zaidi. Kwa hiyo kichuma hiki lazima kiwe katikati kabisa. Sasa tazama."

Akanyoosha futi. Kutoka mwanzo wa uzi hadi kwenye kichuma, sentimita thelathini na mbili na nusu. Kutoka hapo hadi kibao kinachoshika nyuzi kifuani mwa gitaa, thelathini na tatu na nusu.

"Ulipopaka rangi ulikibandua kibao hiki?"

"Nilikirudisha palepale!"

"Ulikirudisha kwa jirani," alisema shangazi. "Kila vidole vyako vinapopanda, gitaa linabaki nyuma. Mwanangu halipiti. Lenyewe ndilo lisilofika."

Sikio alishika futi, akapima mwenyewe mara mbili, kisha akamkabidhi shangazi gitaa.

Shangazi alikibandua kibao kwa kisu kilichopashwa moto, akakisogeza juu sentimita moja, akakigandisha kwa gundi na kukibana hadi kesho yake mchana. Nyuzi ziliporudishwa, Sikio alipiga noti ya chini na ya juu yake. Zikakubaliana.

"Nilikosea," alisema mbele ya wote, "na nilikosea kwa sauti kubwa. Utaimba?"

"Nitaimba, lakini tuupandishe wimbo noti moja."

Akanitazama, akatabasamu, akaupandisha.

Siku ya onyesho niliuimba wimbo ukiwa umepandishwa hivyo, na zile noti za juu zilitoka zimenyooka. Shangazi alikaa mstari wa mbele akipiga makofi nje kabisa ya mdundo, kwa raha zake.