Pumzi Inayopanda

Jamani, mimi si mtu wa kununa hovyo, lakini siku ile Evelina alinitibua. Mtu unapigiwa simu, unaambiwa namba ya pumzi ya mume wako imepanda tena, unapiga kigelegele hapo hapo dukani mpaka wateja wa mchele wanageuka, halafu mpigaji mwenyewe hafurahi. Hata kidogo! Nikamwuliza, "We mwanangu, hii si habari njema?" Akajibu, "Mama Abel, sielewi. Naomba nije kesho asubuhi nione mnavyopima."

Evelina anasoma shahada ya uzamivu. Anachotafuta ni hiki: wagonjwa kama mume wangu Wilbard, ambao neva zinazoamrisha misuli zinakufa kidogo kidogo, wanaweza kupimwa nyumbani badala ya kuburuzwa hadi Mwanza kila mara? Basi akatuletea kidude cha kupuliza. Ukipuliza, namba inatokea kwenye simu, na simu inampelekea yeye. Wilbard anapuliza kila asubuhi, na Jumapili anasema maneno machache, sauti inarekodiwa. Namba ikishuka sana, daktari anamtafutia mashine ya kumsaidia kupumua akilala, maana ugonjwa huu mwisho wake unakata pumzi. Nasema wazi kwa sababu ndivyo tulivyoambiwa, na mimi sipendi mambo ya kufunikwafunikwa.

Mwanzoni namba zilikuwa zinashuka tu. Nilikuwa naenda dukani nikilia njia nzima. Ndipo akaja Ngassa kutoka machimbo ya Rwamgasa. Yeye na Wilbard wamechimba duara moja, yaani shimo moja la dhahabu, miaka mingi, wakishuka kamba moja na kula sufuria moja. Aliposikia mwenzake hawezi kushika hata kijiko, akaacha mawe yake huko, akaja hapa mtaani kwetu Kambarage na begi na redio. Anamwogesha, anamlisha, anamgeuza kitandani, na kumpima ni yeye, kwa sababu asubuhi mimi nawahi dukani. Haukupita muda namba zikaanza kupanda.

Hapo sasa kila mtu akawa na maelezo yake. Mimi nikajua ni uji wangu wa ulezi. Mama mkwe akapiga simu kutoka Ushirombo kusema ni sala zake za novena, tusimnyang'anye Mungu sifa. Ngassa yeye alicheka tu, akasema, "Tunapambana, shemeji." Nikawa nikirudi nyumbani namtania Wilbard: mwaka kesho nakurudisha mgodini, umekula bure vya kutosha.

Evelina akafika asubuhi. Shikamoo mama, marahaba, chai akaikataa.

"Nimesikiliza sauti zote za Jumapili," akasema. "Sauti inazidi kuzama, mama. Sasa hivi anavuta pumzi katikati ya neno. Lakini kidude kinasema kifua kina nguvu kuliko tulipoanza. Mtu mmoja hawezi kuwa hivyo vyote viwili."

"Kwa hiyo unataka mume wangu azidiwe ili masomo yako yakae sawa?" Nilimpasha hivyo hivyo, sikumung'unya maneno.

Hakukasirika. "Mama, natamani kidude kiwe kinasema kweli. Ugonjwa huu hatujauona ukirudi nyuma hivi. Kama umerudi nyuma hapa Kambarage, lazima nijue umerudishwa na nini."

Hapo akanipata. Maana na mimi, ukiondoa hasira, nilitaka kujua. Ulezi wenyewe nautoa Kahama. Kama ndio dawa, watu si waambiwe?

"Haya, tufanye kama kila siku," nikasema. "Shemeji, mpime."

Ngassa akamwegemeza Wilbard kwenye mito, akamshikia kidude mdomoni. Wilbard akapuliza. Mashavu yakatetemeka, mate yakamtoka, Ngassa akamfuta vizuri kwa kitambaa. Halafu, bila kujificha, wala kutuangalia, akafuta na kidude, akakitia kinywani mwake mwenyewe, akavuta hewa mpaka shati likabana kifuani, akapuliza fuuu! Simu ikalia.

"Leo imetoka nzuri," akasema.

 Evelina ndiye aliyeuliza, taratibu, "Mzee Ngassa, huwa unafanya hivyo kila siku?"

"Kila siku. Yeye anaanza, mimi namalizia." Akatushangaa sisi. "Kwani vipi? Duarani mwenzio akiugua unaingia zamu yake. Unachimba, unavuta, na kiroba cha mawe kinachotoka kinahesabiwa chake. Usipofanya hivyo msimamizi anamkata, anaingiza mtu mwingine. Nilikuta namba zinashuka, nikasema hawa nao watamkata mwenzangu. Namba hiyo ni ya Wilbard. Mimi nimemchimbia tu."

Evelina akakaa kwenye ukingo wa kitanda. "Mzee wangu, kwetu ni kinyume. Anayeshuka ndiye tunayemkimbilia. Kidude kinashika pumzi kubwa, ndogo kinaitupa, kwa hiyo tumekuwa tukipokea yako. Daktari aliona namba hizo akamtoa kwenye foleni ya mashine. Alisema huyu ana nafuu, tuanze na wengine."

Ngassa, jitu zima lile, akashuka sakafuni. "Yaya," akawa anasema, ile hapana ya Kisukuma, "yaya, yaya." Nilitaka kumrukia. Lakini utamtukanaje mtu anayemwogesha mume wako? Hasira ikakosa pa kwenda, ikamwendea Wilbard.

"Na wewe! Viungo ndivyo vimekufa, akili yako nzima. Ulikuwa unamwona kila asubuhi. Mbona hukuniambia?"

Wilbard akahangaika na ulimi. Evelina akataka kumsaidia kulimalizia neno, nikamzuia kwa mkono.

"Ulikuwa... unacheka," Wilbard akasema. "Ulikuwa... umerudi... kucheka."

Ee Mungu wangu! Nililia pale pale kwa sauti, mgeni yupo, majirani wanasikia, sikujali. Mwanaume pumzi inamwishia, na hiyo iliyobaki anaitunza ili mimi nicheke. Nilimpenda siku ile kuliko siku aliyonioa, na nilitamani nimzabe kofi.

Nilipomaliza kulia nikaosha kidude mwenyewe, nikapiga magoti, nikamwekea mdomoni. "Puliza yako," nikamwambia. "Hiyo hiyo uliyo nayo."

Akapuliza. Ngassa aligeukia ukutani, ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Simu ikalia. Namba ilikuwa ndogo kuliko zote tulizowahi kuziona nyumba hii. Evelina alikuwa ameshampata daktari kwenye simu yake, akaninyooshea hiyo simu, akasema, "Mama, nisomee."

Nikamsomea kwa sauti, kila mtu asikie, wala sikuongeza hata moja.