Mahadhi ya Uwanjani

Kwa maneno ya Tasing, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwaka jana watu wa nyumba ya mwisho mtaani waliuacha utenzi wa Mateso ya Yesu katikati wakaenda kula tambi, na tangu siku ile kisima chao kinatoa maji ya chumvi.

"Nimeyaonja mwenyewe," alisema, mkono kiunoni. "Chumvi tupu! Unachovya embe bichi humo, unakula."

"Kisima kile kina chumvi tangu sijaolewa," alijibu Bibi Sepa. Lakini mjukuu wake, Luningning, alimwona akishikashika msalaba wa shingoni. Nadhiri ya kuusoma utenzi ilikuwa ya nyumba hii tangu enzi za mama yake Bibi, na sharti lake moja: ukishaanza kughaniwa haukatwi mpaka ubeti wa mwisho. Watu hula kwa zamu, hulala kwa zamu, sauti isinyamaze. Zamani padri mmoja aliwahi kuukataza, eti una makosa ya dini. Wakafunga madirisha wakaghani. Padri wa sasa huja mwenyewe, akaghani kidogo na kula sana.

Shida ya siku hizi ilikuwa makoo ya kughani. Mabenchi ya pande mbili, yaliyokuwa yakigombewa, Jumatano Kuu hii yalikaliwa na vikongwe wachache na Luningning. Vijana walikuwepo, tena uwanjani nyuma ya nyumba, na gitaa lao. Mwaka juzi binamu yake, Dario, alijaribu kuziimba beti zile zile kwa mahadhi ya nyimbo za mapenzi. Bibi Sepa akamtoa kwa mwiko.

"Yesu anasulubiwa, wewe unatongoza!" alimfokea, na hata leo alikuwa akiyarudia maneno hayo.

"Na mahadhi yako je, Sepa?" Tasing alimchokoza toka jikoni. "Mama yangu alisema yaliletwa na fundi viatu, tena mlevi. Wazee wa wakati ule walisusa kuja."

"Wewe koroga wali wako, usiungue."

Alasiri joto likazidi. Vikongwe wakaenda kujinyoosha mmoja mmoja. Tasing naye akatoka kwenda kuazima sahani. Walipofika pale Petro anapomkana Bwana wake, sauti ya Bibi Sepa ikakatika. Alikunywa chai ya tangawizi, akafungua kinywa, ukatoka upepo mtupu.

Pande mbili hujibizana, ubeti huku, ubeti kule. Sasa Luningning akawa anaghani huku, anavuta pumzi, anajijibu kule. Koo likaanza kumkwaruza. Kupitia dirishani aliuona mgongo wa Dario, lakini angemwitaje? Kuita ni kukata. Akafungua ukurasa, akauchukua ubeti uliofuata, akautia katika mahadhi ya uwanjani, yale yale ya mapenzi. Kipaza sauti kilichofungwa paani kwa ajili ya utenzi kikaupeleka nje.

Gitaa likanyamaza. Vichwa vikajaa dirishani.

"Si Ning huyo?"

"Bibi kafa?"

"Yuko hai, ananitazama! Tangulia wewe, upigwe kwanza."

Waliingia wakisukumana, wamelowa jasho, viatu mkononi, wakakaa benchi la upande wa pili. Zamu ilipowafikia wakajibu wote kwa pamoja, na wengine hata hawakutazama kitabu. Beti walikuwa nazo kichwani. Bibi Sepa hakuwa akilijua hilo. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine, kisha akaisogeza sinia ya wali wa nazi mbele yao. Luningning akasikia mgongo wake ukilegea, raha ikamwingia, akaghani huku karibu acheke.

Bibi Sepa akavuta kigoda, akamwinamia sikioni.

"Mama," alinong'ona kwa sauti iliyokauka, maana ndivyo alivyomwita mjukuu wake alipomtaka jambo. "Mkifika msalabani, nirudishie mahadhi yangu. Hapo tu. Nakuomba."

Upande wa pili ulikuwa unamalizia. Msalaba ulikuwa bado mbali, kurasa nyingi mbele. Dario alimwashiria binamu yake kwa kidevu kwamba zamu ni yake, na Luningning akavuta pumzi, akaghani.